Wosia wa Babu Ndululu

Jumatatu, 7 Agosti 1972. Zombe.

Hakuna mwandiko unaonishinda, kutoka hapa hadi Tseikuru. Nimesoma barua za wazungu, za walevi, hata za daktari.

Sawa, ni uongo. Shule niliacha darasa la pili, na mwalimu ndiye aliyenibembeleza niondoke. Lakini wosia wa babu nitausoma mimi! Ijumaa kamati ya ardhi inakuja kuamua shamba la mtoni ni langu au ni la Mbuvi, jirani yangu mwenye masikio ya sungura. Babu yake, Mulwa, na babu yangu, Ndululu, walikuwa ndugu. Nikishindwa, mimi na mbuzi wangu tunahamia barabarani.

Shangazi Nthenya, dada yake marehemu baba, ameutoa wosia kwenye kopo la majani chai. Hajui kusoma. Alitaka kunisimulia habari za Ndululu. Nikamwambia karatasi husomwa, haisimuliwi. Akasema haya basi, mwana wa kaka, soma. Akacheka. Cha kuchekesha ni nini?

Jumanne, 8.

Mwandiko gani huu! Ndululu alitamka, mwinjilisti wa misheni akaandika, mwaka 1931. Herufi zimelala kama ng'ombe wa kiangazi. Nimekaza macho mpaka machozi. Kumbe nimeushika juu chini.

Nimeenda kwa Karanja, fundi wa saa, kuazima lensi. Akasita. Nikamkumbusha ni nani aliyeshika mkia wa punda wake alipotumbukia kisimani. Akaitoa.

Nimepata! "Shamba la mtoni apewe mtoto wa..." kisha neno lenye mikunjo. Wetu! Mtoto wetu! Na mtoto wa Ndululu ni nani kama si baba yangu, Kisilu? Nilipiga kelele Karanja akaangusha saa ya mchungaji.

"Mtoto wa wetu" si Kiswahili safi, najua. Lakini mwinjilisti alikuwa Mkamba kama mimi.

Alhamisi, 10.

Nimewasimulia watu wa soko habari za babu Ndululu. Alivyomkaba chui kwa mkono mmoja! Ndevu zake zilivyofika kifuani! Chui nimemwongeza mwenyewe. Ndevu pia.

Mbuvi alikuwa pale akitafuna muwa. Akaomba kuona karatasi. Nikamwonyesha kwa mbali, kwa madaha. Ana macho ya mwewe, shetani yule. Akasema hiyo si wetu, mzee. Ni iweto.

Salaala! Nimekimbilia lensi. Kuna i mbele. Kuna o nyuma. Iweto!

Mambo ya iweto kila Mkamba anayajua. Mwanamke asiyezaa anaoa mwanamke mwenzake, anamtolea mbuzi wa mahari, na watoto wanakuwa wa nyumba yake. Huyo aliyeolewa ndiye iweto. Lakini kwetu iweto atoke wapi, na babu alikuwa dume la kukaba chui? Basi ni iweto wa boma la Mulwa. Babu, kwa huruma zake za kijinga, amewapa kina Mbuvi shamba!

Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, umekataa kupita kooni. Yaani bakuli la tatu.

Mpango mpya: kesho naupiga vita wosia wenyewe.

Ijumaa, 11.

Nimesimama mbele ya kamati kama wakili. Nimesema iweto ni mambo ya giza, sisi siku hizi ni watu wa kanisa. Nimeapa kwamba mtoto wa iweto asipewe hata kichuguu, wala yeye, wala uzao wake. Mwenyekiti akauliza kama nina hakika. Kabisa! Nikatia kidole gumba. Halafu cha pili, kwa mkazo.

Mbuvi akainuka, akasema anakubaliana na mzee Muthama, yaani mimi, neno kwa neno. Hapo nikashtuka. Mbuvi hajawahi kukubaliana nami hata kwamba mvua inanyesha.

Shangazi akafika na fimbo yake. Akauliza nimeapa nini. Akaambiwa. Akaketi chini, pu! Kisha akasema Ndululu alikuwa mwanamke.

Mwanamke!

Mumewe alikufa bila mtoto. Mulwa hakuwa ndugu yake, alikuwa shemeji. Ndululu akamwoa Syombua kwa mbuzi, Syombua akamzaa Kisilu, akamzaa na Nthenya. Syombua! Nyanya yangu mwenyewe! Mtoto wa iweto ni baba yangu! Shamba lilikuwa letu kwa mila na kwa karatasi, mpaka leo asubuhi nilipofungua mdomo.

Na hiyo karatasi mwinjilisti ameijaza "yeye" na "yeye"! Yeye ya Kiswahili haivai suruali wala leso. Baba alikufa nikinyonya, nikalelewa na wajomba Tseikuru. Nani angeniambia? Shangazi akasema yeye angeniambia. Jumatatu.

Mwenyekiti alitikisa kichwa. Akasema kwa mila mtoto wa iweto ni mtoto kamili, na hakuna mzee ambaye angeninyima, ila mimi mwenyewe nimejinyima, tena kwa vidole gumba viwili. Shamba limeenda kwa Mbuvi. Mbuvi akaniuliza kwa upole ndevu za babu zilikuwa za rangi gani.

Jumapili, 13.

Nalala kwa Shangazi, mimi na mbuzi. Hajanisuta. Amenipa uji, akasema Ndululu angenipenda sana, maana alikuwa mwongo vilevile.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza. Kama Ndululu alikuwa mwanamke, ni nani aliyehakikisha kwamba Mulwa alikuwa mwanamume? Hakuna! Na Mulwa naye aliacha wosia, kwa mwandiko wa mwinjilisti yuleyule. Uko kwa mchungaji. Nimeuchungulia baada ya ibada. Kuna neno linaanza na m, linaishia na ke! Basi Mbuvi naye ni uzao wa iweto, na kiapo changu alikikubali neno kwa neno!

Shangazi amefungua mdomo kunisimulia habari za Mulwa. Nimemwambia karatasi husomwa.

Kesho namwambia: Karanja, ndugu yangu, mkia wa punda wako niliushika kwa mikono miwili. Lensi ya Jumanne ilikuwa malipo ya mkono mmoja. Bado mmoja. Niazime hadi Alhamisi tu.