Msimulizi Hashoni Vifungo

Jumatatu, 3 Juni

Vifungo mia na arobaini! Nimevihesabu. Kidole gumba kimevimba, na mke wangu anauliza kwa nini nashika kijiko kama mtoto wa chekechea.

Chanzo ni Mama Kumbe. Tamthilia huanza saa kumi na moja jioni, wakati mafundi wote wa karakana yetu bado tumeinamia cherehani. Kwa hiyo yeye, msimulizi, huachiwa saa kumi awahi kwake akatazame. Asubuhi anakaa kwenye kigoda, anatusimulia, sisi tunashona. Bosi anasema hadithi inaongeza kasi ya mikono. Sawa. Lakini msimulizi hashoni vifungo! Vyake anapewa mwenye mkono mwepesi. Bosi aliposema mkono mwepesi alinitazama mimi, nami nikafurahi. Mjinga mimi.

Na anavyosimulia sasa! Leo "akabaki mdomo wazi" mara kumi na nne. "Moyo ukamlipuka paa" mara tisa. "Hapo patamu" kila akimeza mate. "Kumbe" nimeacha kuhesabu. Jina hakulipata bure. Na ugonjwa umeenea. Nimemwuliza Fundi Kola, mzee wetu wa kushona kola, kama ameuona mkasi wangu. Akajibu kwamba kuna siri ameificha moyoni miaka ishirini. Mkasi alikuwa ameukalia! Nimemwomba Bosi ruhusa ya saa moja. Akageukia dirishani polepole, akasema iko siku nitamtambua yeye ni nani. Namtambua! Namfanyia kazi mwaka wa sita huu.

Nina wazo.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwahi Bosi kabla hajamaliza chai. Nikamkumbusha zile sare mia mbili za wauguzi zinatakiwa Jumamosi saa sita mchana. Nikamwambia maneno yaliyochuja yanatupotezea muda. Nikamwonyesha hesabu ya jana, nimeipigia mistari kwa rula. Bosi anapenda sana vitu vilivyopigiwa mistari. Akakubali.

Saa tatu orodha iko ukutani. Maneno kumi na mawili marufuku. Atakayelitamka lolote anabeba vifungo ishirini. Mama Kumbe ameisoma, akanitazama juu mpaka chini, akakaa kigodani. Maskini! Akianza sentensi, anakwama. Anameza mate, anakwama tena. Hadi saa tano alikuwa na vifungo mia na sitini, na steringi, yule binti mhusika mkuu, bado hajashuka kwenye gari. Akainuka, akasema anayejua kukataza bila shaka anajua na kusimulia, basi akae yeye. Tena kwa upole! Akaongeza kwamba tamthilia yenyewe ameisusa, hataki hata kuisikia.

Bosi kasema sawa, kuanzia leo msimulizi ni mimi. Saa kumi kamili nimetoka karakanani nikipiga mluzi. Ushindi! Mikono yangu imepumzika.

Jumatano, 5 Juni

Jana nilifika nyumbani, nikaketi, nikaweka miguu juu. Matangazo ya sabuni yalipoanza nikafumba macho kidogo tu. Nikafumbua majina ya waigizaji yanapanda kwenye kioo. Balaa! Nimemwuliza mke wangu nini kimetokea. Yeye alikuwa jikoni, ameona mtu mmoja akilia karibu na pazia. Nani? Hajui. Analia nini? Hajui. Mke gani huyu!

Basi leo nimekaa kigodani na pazia langu. Nikasimulia kwamba mtu alilia. Bila yale maneno kumi na mawili hadithi ilikuwa imekwisha hata uzi haujaingia kwenye tundu la sindano. Cherehani zikasimama. Wote wananitazama. Bosi akakohoa, akatazama kile kikopo cha vifungo.

Nikamuua Daktari.

Ndiyo, yule Daktari mpole anayempenda steringi tangu kipande cha kwanza. Nimemgongesha gari. Loo, karakana ilivyolia! Fundi Kola ameondoka na kitambaa cha mita mbili usoni. Bosi amelia wazi bila aibu. Kumbe nina kipaji! (Humu daftarini hakuna marufuku.) Mama Kumbe peke yake hakulia. Aliuliza kwa sauti laini gari lilikuwa la rangi gani. Nikasema bluu. Akauliza marehemu alivaa nini. Nikasema shati jeupe. Akatikisa kichwa, akasema ninasimulia vizuri mno. Mpinzani muungwana, lazima niseme.

Alhamisi, 6 Juni

Jana nimetazama miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi nisilale. Ningelala ingekuwa heri. Daktari ni mzima wa afya! Amempigia steringi goti na kumvisha pete ya uchumba. Harusi ni kesho.

Leo sikuwa na njia. Marehemu hafufuki kwa urahisi mbele ya mafundi kumi na moja. Nikaleta pacha. Nikasema aliyemvisha steringi pete ni pacha wake Daktari, amefika kutoka mbali. Kosa! Pacha hasimuliki bila "kumbe". Nimejaribu. Ulimi umekataa. Mara "kumbe", mara "akabaki mdomo wazi", mara hapo patamu, na Mama Kumbe anahesabu kwa vidole huku anatabasamu. Hadi mchana nina vifungo mia mbili na ishirini. Mimi, msimulizi!

Si hilo tu. Fundi Kola, kwa majonzi, ameshona kola thelathini ndani nje. Zote zimefumuliwa. Bosi amekusanya watu akasema tukikosa Jumamosi saa sita, kazi ya wauguzi inahamia kwa jirani, na hapa kuna mtu atakwenda nyumbani asirudi. Hakutaja jina. Alinitazama mimi.

Nimeogopa. Naandika ukweli. Nina miaka arobaini na saba, na hakuna karakana nyingine inayonitaka.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Saa tisa Bosi ameingia amebeba televisheni ya dada yake. Mwenyewe huwa haitaki karakanani, anasema macho yakiwa kwenye kioo sindano inaingia kidoleni. Lakini leo, akasema, tumzike Daktari pamoja, watu watoe uchungu, kesho wafanye kazi. Nikamwambia msiba ni jambo la nyumbani. Nikamwambia televisheni ile inaonekana mbovu. Nikajaribu kuukalia waya. Mama Kumbe akaniinua kwa heshima zote.

Saa kumi na moja. Muziki. Ukumbi wa harusi. Akatokea Daktari. Mzima! Suti nyeupe, anacheza, anakula keki. Steringi anamwita kwa jina lake. Hakuna pacha. Hakuna gari la bluu.

Wote kumi na moja wakanigeukia. Nikafungua mdomo nijitetee, na kilichotoka, Mungu wangu, ni kwamba kuna siri nimekuwa nikiificha moyoni. Mama Kumbe alicheka mpaka akashikilia cherehani asianguke. Amekiri mdogo wake humsimulia kila kitu jioni. Tangu Jumatano alijua. Alijua! Na ananiuliza rangi ya gari! Fundi Kola hakucheka. Alisema amemlilia mtu aliye hai siku mbili, na kwamba sikumtendea haki. Hilo limeniuma kuliko yote.

Hukumu ya Bosi: vifungo vilivyobaki ni vyangu vyote. Mia sita. Kesho saa sita visipokwisha, Jumatatu nisije.

Jumamosi, 8 Juni

Niko karakanani tangu alfajiri. Saa nne nilikuwa na vifungo mia na sitini. Piga hesabu mwenyewe. Nilianza kufikiria namna ya kumwambia mke wangu, na macho yakanijaa maji, nikajichoma kidole.

Mara nikasikia kigoda kinaburuzwa. Mama Kumbe. Akakaa karibu yangu, akachota vifungo kiganja kizima, akatia uzi. Akaanza kuisimulia harusi ya jana, ile ile tuliyoiona wote kwa macho yetu. Kumbe! Moyo ukamlipuka paa! Mama mkwe akabaki mdomo wazi! Hapo patamu! Fundi Kola akasogea. Bosi akasogea. Kila mtu akachota vifungo vyake, na kila "kumbe" ikija wote wanaitikia, na sindano zinapanda na kushuka. Nami nimeitikia. Kwa sauti. Hadithi niliyoiona mwenyewe nimeisikia upya, na safari hii nimelia mahali pa kulia.

Saa sita kasorobo sare zote zimefungwa. Zimekwenda. Kazi ninayo!

Nimemshukuru Mama Kumbe. Akasema nisimshukuru, ila niibandue orodha yangu ukutani kwa mkono wangu. Nimeibandua. Nimemwomba na Fundi Kola radhi, amenipa mkono. Nimeona aibu, na nimefurahi, vyote kwa pamoja. Naandika kwa herufi kubwa nisisahau: SITAKITAMANI TENA KIGODA CHA MTU.

Jumatatu, 10 Juni

Kazi mpya: mashati ya walinzi. Vifungo tisa kila shati! Tisa! Mlinzi anafunga nini chote hicho?

Nimefikiri sana wakati wa chai. Kosa langu halikuwa kusimulia. Kosa lilikuwa kuchagua tamthilia ambayo watu wengine wanaweza kuiona. Nimemwambia Bosi, kwa unyenyekevu, kwamba ipo tamthilia ya redioni, nzuri ajabu, na karakana yenye hadithi mbili itashona kwa kasi mara mbili. Macho yamemng'aa. Ameuliza inarushwa lini. Nimesema saa kumi alfajiri.

Nani ataamka saa hiyo anichunguze? Hakuna. Mimi mwenyewe siamki.