Mama Juu ya Jiwe Jeupe

Jumatatu, Agosti 5
Wateja hakuna. Shangazi Zuwena ameingia studio bila hodi, akalitazama lile pazia lililochorwa ndege ya abiria, akapiga chafya. Akasema chumba ni chake. Marehemu kaka yake alikitumia kwa kuwa alipiga picha. Mimi Hatibu, mwanawe, napiga miayo. Nisipojaza watu humu kufikia wiki ijayo, anampa Donatus.

Donatus! Yule wa ng'ambo ya barabara, anayechapa picha za simu huku akitafuna karanga! Aweke mashine yake palipokaa kamera ya baba? Thubutu! Nina mpango.

Jumatano, Agosti 7
Nimefungua sanduku la baba. Mji wetu wote, Masumbwe ya zamani, umo. Barabara kuu ina baiskeli mbili na mbuzi. Mto una maji, jamani, maji! Nimekwenda kupiga picha mpya kutoka palepale aliposimama yeye. Baraza za mbao zimekuwa mabati na mabango. Mto umekuwa mchanga, chupa, na bustani ya vitunguu ya Shangazi, inayotulisha sote wawili. Nimehuzunika kuliko nilivyopanga.

Nzuri kuliko zote ni ya mama. Amesimama mtoni juu ya jiwe kubwa jeupe, ndoo miguuni, anakula pera. Nyuma yake paa la ghala la pamba. Alifariki nikiwa darasa la pili na sina picha yake nyingine. Nimeitundika katikati ya ukuta. Kesho Nane Nane, watu watamiminika kuona mji wao wa zamani.

Alhamisi, Agosti 8
Hawakumiminika. Walikuja watatu. Wa kwanza aliulizia choo. Wa pili, Mama Vumilia muuza maandazi, alimwona marehemu mumewe kwenye mojawapo ya zile baiskeli. Alilia, akatoka bila kuaga. Wa tatu alikuwa Donatus. Alizisifu kuta. Alizipima kwa hatua!

Ijumaa, Agosti 9
Mungu si Athumani! Mchimbaji mmoja, Mageni, vumbi hadi kwenye kope, aliingia kukwepa jua. Alipomfikia mama akavua kofia, akaiambia picha mwangaluka mayu, kama Msukuma yeyote anavyomwamkia mama wa mtu. Nikafurahi. Kisha nikagundua hamtazami mama tena, anatazama jiwe. Akasema jiwe jeupe namna ile, lenye mshipa mweusi, halikai bure. Chini yake kuna dhahabu. Ni wapi hapo?

Nilipaswa kusema sijui. Nikasema ni siri ya familia.

Jioni studio ilifurika! Wachimbaji hadi barazani. Kwa adabu zao, kila mmoja alipigwa picha mbele ya ndege kwanza, ndipo akauliza habari za jiwe. Donatus alisimama mlangoni kwake bila karanga. Leo nitalala kwa raha, mara ya kwanza tangu baba afe.

Jumapili, Agosti 11
Siku mbaya. Wachimbaji wamechoka kungoja. Mageni akasema mbele ya watu kwamba mwenye siri asiyeonyesha kitu ni mwongo tu. Mimi, mwongo? Nikawapeleka darajani, pale aliposimama baba. Nikainua picha, nikalinganisha paa la ghala. Mama yuko kulia. Nikanyoosha kidole kulia.

Kilielekea bustani ya Shangazi. Nilikirudisha upesi, lakini kidole kikishaonyesha hakirudi. Rashi, zile mbio za wachimbaji kuvamia dhahabu! Sururu, majembe, makoleo. Kufikia magharibi kila tuta lilikuwa duara, shimo la uchimbaji linalomeza mtu hadi kiunoni, na vitunguu vimezikwa kwenye kifusi. Dhahabu hamna. Jiwe hamna. Hata kokoto moja jeupe.

Shangazi yuko arusini Shinyanga. Anarudi kesho. Naomba basi liharibike.

Jumatatu, Agosti 12
Basi halikuharibika.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliinama kwenye kifusi, akaokota vitunguu kimoja kimoja, akavifuta udongo kwa upindo wa kanga. Nikamwambia kosa ni la picha. Akaniomba aione. Akaitazama sana, akauliza pera liko mkono gani. Kushoto, nikasema.

Akasema wifi yake hakuwahi kula kwa mkono wa kushoto tangu aingie nyumba ile, hata mgonjwa. Baba aliisafisha picha filamu ikiwa imegeuka, na mama alimcheka siku nyingi. Kwa hiyo mto mzima uko kinyume, kulia ndiko kushoto. Jiwe lilikuwa ng'ambo ya mto.

Ng'ambo kwenye makaburi? nikauliza. Akavifunga vitunguu kwenye kanga. Kisha akasema jiwe lilifunikwa na udongo wa mafuriko, na mama mwenyewe ndiye aliyeomba alazwe karibu nalo. Akaniapisha nisimwambie kiumbe yeyote. Niliapa. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Chumba amempa Donatus.

Jumatano, Agosti 14
Donatus amehamia. Ndege ya baba ameifanya tandiko la mashine. Mimi niko barazani kwa Mama Vumilia na picha ya mama mapajani. Shangazi ananipakulia ugali, mboga hakuna. Moyo umekuwa mzito kweli.

Mageni amepita kunipa pole. Mtu muungwana. Akauliza kama kuna lolote nililosahau kuwaambia. Nikamjibu kwamba katika ukoo wetu kiapo hakivunjwi, na sikumwambia kitu, Mungu shahidi. Nilimwelekezea tu picha kwenye kioo cha Mama Vumilia, aone mama anavyopendeza akilishika pera kwa mkono wa kulia.

Amevua kofia tena. Kisha amekwenda kuwaita wenzake.

Nimemsisitizia aanzie mbali kidogo na alipolazwa mama.