Wakala wa Wasiwasi

Bwana Pole aliingia kwenye duka la intaneti kwa sababu nje jua lilikuwa kali na ndani kulikuwa na feni. Hakuwa na shida na intaneti. Intaneti ilikuwa inamjua vizuri, na ndiyo maana alikuwa amehamia mji huu. Jina lake la utani alilipata kwa kuwapa watu pole kabla hawajajua kilichowapata.

Ndani alikuta watu wazima wamejazana nyuma ya kompyuta moja. Mwenye duka akibonyeza kitufe, wote wanavuta pumzi. Kwenye kioo yanatokea maneno yale yale: majina ya waliochaguliwa kujiunga na chuo yatatangazwa hivi karibuni. Wote wanashusha pumzi. Muuguzi mmoja, bado na sare ya hospitali, akaomba kitufe kibonyezwe tena, huenda hakikubonyezwa kwa moyo.

"Mnangoja tangu lini?" Bwana Pole aliuliza.

"Tangu hivi karibuni ile ya kwanza," alijibu mzee mwenye duka la saruji, mtu mnene ambaye kola ya shati ilikuwa imeanza kumpwaya. "Mimi sili. Mke wangu halali. Kijana mwenyewe anayeomba chuo, huyo anakula na analala."

Bwana Pole akawatazama kwa upendo wa dhati. Watu hawa walikuwa na wasiwasi mwingi kuliko nafasi ya kuuweka, na yeye tangu azaliwe hajawahi kuhangaikia jambo lolote. Ndani yake kulikuwa kutupu kabisa.

"Poleni sana," alisema. "Wasiwasi ni mzigo, na kila mzigo una mchukuzi wake. Hiyo ndiyo kazi yangu. Unanikabidhi, nahangaika kwa niaba yako mpaka majina yatoke. Wewe unakula, unalala, unaendelea na shughuli zako."

"Na kama mtoto hayumo?"

"Mzee wangu, unajua kwa nini watoto wanakosa nafasi? Wasiwasi umetawanyika. Baba kidogo, mama kidogo, shangazi naye anadokoa. Ukikusanywa kwa mtaalamu mmoja, unafika unakotakiwa."

Hakuna aliyeuliza unatakiwa wapi. Mtu aliyekosa usingizi muda mrefu haulizi maswali ya namna hiyo, nami simlaumu.

Fedha, alieleza, haipokelewi, maana fedha haina uchungu. Mteja alete kitu cha nyumbani anachokipenda, ili wasiwasi upate pa kushika. Mtoto akikosa nafasi, kitu kinarudi kwa mwenyewe; hiyo ndiyo dhamana. Sharti ni moja tu: ukishakabidhi, marufuku kuhangaika mwenyewe. Ukionekana unahangaika, dhamana imekufa. Huo ndio ulikuwa mlango wake wa nyuma, kwa kuwa hajazaliwa mzazi wa kutohangaika.

Mzee wa saruji akaleta redio yake. Muuguzi akaleta sufuria mpya ambazo hazijawahi kuona moto. Yakaja mazulia, zikaja feni, na baba mmoja, katika kuchanganyikiwa, akaleta godoro, kisha akarudi nyumbani kulala kwa amani sakafuni.

Pa kuweka mali yote hiyo palikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja fundi cherehani mwenye chumba cha nyuma.

"Nihifadhie hapa, dada, mpaka majina yatoke," Bwana Pole alimwomba.

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja. "Chumba kipo, kaka. Ila na mimi nina binti. Ameomba udaktari. Sina cha kukupa zaidi ya mikono yangu. Wewe nihangaikie, mimi nikushonee suti. Mtu wa cheo chako hawezi kuvaa hivyo."

Suti ya bure kwa kazi ya bure! Bwana Pole alikubali kabla pini hazijarudi mdomoni.

"Lakini uhangaikie hapa hapa kibarazani, nikuone," fundi akaongeza. "Wengine sijui unawahangaikia wapi, na wala siulizi."

Basi akaketi kwenye benchi, amekunja uso. Fundi alimrekebisha kama anavyorekebisha pindo.

"Hapo unasinzia, kaka."

"Nawaza."

"Waza na macho wazi. Kwani nilikwambia kuwa mtihani wa kemia aliufanya huku anakohoa?"

"Hukuniambia. Alikohoa sana?"

"Mpaka msimamizi akamletea maji. Yakamwagikia kwenye karatasi ya majibu."

Bwana Pole aliona ile karatasi imelowa, na hakupenda alivyoiona.

Kila siku fundi alimwongezea kidogo. Mara binti anasomea chini ya meza ya cherehani, maana ndiko mwanga unakofika. Mara akikosa chuo atapelekwa kwa shangazi yake kufuga kuku, na kuku anawaogopa kuliko kifo.

"Hao kuku ni wakubwa?" Bwana Pole aliuliza siku moja, wakati fundi alikuwa anazungumzia vifungo.

"Wakubwa. Kuna jogoo mmoja anafukuza watu."

Siku hiyo hakula. Tumbo lilimkaza, viganja vikamtoka jasho, naye akadhani ni malaria. Hakuwahi kuugua ugonjwa huu, angeujuaje? Akawa wa kwanza kufika kwenye duka la intaneti, na wa kwanza kuomba kitufe kibonyezwe tena. Wateja wake nao walinawiri. Mzee wa saruji, ambaye kola yake ilikuwa imerudi kumbana, alikuwa akipita kibarazani anamwambia, "Hangaika vizuri, Bwana Pole, tunakutegemea."

Hatimaye kioo kikabadilika: majina yatatoka kesho asubuhi. Mpango tangu mwanzo ulikuwa kutoweka kabla ya hapo. Kesho yake asubuhi na mapema Bwana Pole alikodi pikapu, akailipia safari nzima, akaileta mpaka mlangoni kwa fundi.

"Tupakie twende?" dereva aliuliza.

"Subiri kidogo."

"Tunasubiri nini?"

"Udaktari," Bwana Pole alisema, akashuka.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. "Nenda kanitazamie, kaka. Mimi miguu imekufa ganzi. Dereva nitamwonyesha vya kupakia."

Akakimbia. Majina yalikuwa yametoka. Muuguzi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mwanawe yumo. Bwana Pole akapenya mpaka mbele, akatafuta jina alilopewa na fundi. Akalitafuta upya. Akamwomba mwenye duka abonyeze tena.

"Kijana wangu hayumo," mzee wa saruji alisema nyuma yake. "Dhamana yangu iko wapi?"

"Ulihangaika," Bwana Pole alijibu bila kugeuka.

"Mimi? Nimekoroma mpaka mpangaji wa jirani amehama. Mke wangu shahidi."

"Amekoroma," mkewe alithibitisha. "Na mimi nimekoroma."

Bwana Pole hakuwasikia. "Binti hayumo," alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu, machozi ya kweli ambayo hata yeye hakujua anayo. "Atakwenda kwa kuku."

Akavuka barabara akitafuta maneno ya kumwambia mama wa mtu. Mlango wa fundi ulikuwa wazi. Cherehani haipo, pikapu haipo, chumba cha nyuma kimefagiliwa. Juu ya benchi palibaki koti lenye mkono mmoja.

"Fundi kaondoka na pikapu," kinyozi wa mlango wa pili alimwambia. "Kumbe alikuwa na vitu vingi namna ile."

"Na binti yake?"

"Binti gani? Yule hana mtoto. Alisema watoto wanaleta wasiwasi."

Bwana Pole akashika ukuta. Kinyozi, ambaye ni mtu wa huruma, akajiandaa kumdaka.

"Hana binti kabisa?"

"Kabisa."

"Wala karatasi haikumwagikiwa maji?"

"Karatasi gani?"

"Kwa hiyo," Bwana Pole alisema polepole, "hakukosa nafasi."

"Atakosaje, na hayupo?"

Alivuta pumzi ndefu mpaka tumboni, mahali ambapo pumzi haikuwa imefika kwa siku nyingi. Akavaa koti, akalala kwenye benchi, mkono usio na nguo ukiwa chini ya kichwa.

Mzee wa saruji, mkewe na wenzao walipofika, walimkuta anakoroma huku anatabasamu. Mzee alimtikisa bega, mwenye godoro naye akamtikisa mguu. Hakuamka. Wakaketi pale kibarazani kumngoja, na kila baada ya muda mmoja wao aliinuka kumtazama kama macho yamefunguka.