Sanduku Langu Limefika Mombasa

Jumatatu, 16 Oktoba 1972

Macharia ameanza tena. Chai ya saa nne, kikombe mkononi, "Mimi nilipokuwa Mombasa..." Alikwenda Agosti, akakaa siku mbili, na mpaka leo hajarudi. Ijumaa ilikuwa habari ya zile pembe kubwa za ndovu juu ya barabara. Leo ilikuwa zamu ya feri ya Likoni. Ni mtunza stoo wa pampu za maji tu, lakini akianza kueleza upepo wa bahari utadhani ndiye anayeupuliza.

Ningemvumilia. Lakini Lornah! Lornah, mpiga taipu wetu, huacha kazi, huegemeza kidevu mkononi na kumsikiliza. Mimi nimekaa meza ya pili kutoka kwake mwaka mzima. Hajawahi kuniegemezea kidevu hata siku moja.

Mara nikasikia sauti ikisema kwamba Tobias Were naye anakwenda Mombasa, sikukuu hii ya Kenyatta, kwa treni, daraja la kwanza. Ilikuwa sauti yangu. Lornah akageuka, akauliza kama ni kweli. Macho yale! Nikasema tikiti nimeshakata.

Sijakata. Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyoyaona maishani ni Mto Nzoia wakati wa mafuriko.

Jumanne, 17 Oktoba

Mambo yamenyooka! Mwanzia, dereva wetu, anapeleka pampu Mombasa Alhamisi jioni kwa pikapu ya kampuni. Nimemwomba lifti, amekubali, mradi nisisinzie njiani, maana anataka mtu wa kuongea naye. Akasema nimngoje mlangoni pa ofisi.

Mlangoni pa ofisi! Lornah anione, mtu wa daraja la kwanza, nimebanwa na pampu? Wapi! Nimemwambia anichukue nje ya stesheni ya reli, pale teksi zinaposimama. Watu wataniona naelekea stesheni na sanduku, basi. Sijui akili hii nimeirithi kwa nani. Baba ni mtu wa kawaida tu.

Lornah ameniuliza Jumapili nitakuwa wapi. Nikasema saa kumi kamili nitakuwa kwenye mnara wa taa ya meli, nikitazama bahari. (Mnara huo ni wa hadithi za Macharia. Nimeuazima.) Akarudia polepole, mnara wa taa, saa kumi, kama mtoto anayejifunza sala. Nikamuuliza nimletee nini. Akataka maji ya bahari kwenye chupa, aonje kama kweli yana chumvi.

Ningemletea bahari yote kwa mapipa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Naandika nikiwa Kileleshwa, mguu ndani ya beseni la maji moto.

Walikuja kunisindikiza. Nani aliwaomba? Ofisi nzima! Macharia ndiye aliyelibeba sanduku langu, akinionya nisinunue korosho kwa mtu wa kwanza. Lornah alivaa gauni la manjano. Nje ya stesheni nikaiona pikapu, Mwanzia akipiga honi na kunipungia mkono. Nikajifanya simjui. Nilitumaini watu wangeniaga pale mlangoni waende zao. Wapi! Wakaniingiza ndani mpaka kwenye behewa, wakalipitisha sanduku dirishani, wakasimama kunitazama.

Ningefanya nini? Nikapanda. Nikatoa kichwa dirishani. Lornah akanishika mkono, akasema niende salama, na kwamba ofisi itakuwa kubwa bila mimi. Maneno hayo! Nikasahau kuwa sina tikiti. Nikasahau Mwanzia. Nikakumbuka treni ilipoanza kutembea.

Nikakimbilia mlango wa upande wa pili, nikaruka. Kifundo cha mguu kikateguka. Nilipoinuka, treni ilikuwa inakwenda na sanduku langu limo ndani, shati jeupe na vyote. Nikachechemea mpaka nje. Mwanzia alikuwa ameondoka.

Kwa hiyo sanduku langu linakwenda Mombasa daraja la kwanza. Mimi niko kwa binamu yangu Shem, mpishi wa watu hapa Kileleshwa. Nyumbani kwangu Kangemi siwezi kurudi, majirani wote wa ploti nimewaaga. Kwa bahati matajiri wa Shem hawapo. Wako wapi? Mombasa! Nchi nzima iko Mombasa. Shem amesema nitajificha chumbani kwake mpaka Jumatatu, ila nitamwagilia maua na kumwogesha mbwa.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimemwogesha mbwa. Mbwa hanipendi.

Mtu akitoka pwani hurudi ameiva kwa jua, kwa hiyo nikajipaka mafuta ya kupikia mwili mzima, nikalala kifudifudi kwenye nyasi. Nikasinzia. Nikaota Lornah ananipapasa mgongo. Kumbe ni mbwa, ananiramba mafuta! Sasa ananipenda kupita kiasi. Shem alicheka mpaka akakaa chini, na shughuli zote za sufuria zikasimama.

Jumamosi, 21 Oktoba

Leo nimetengeneza bahari.

Chupa ya kwanza nilitia chumvi vijiko vinane. Shem akaonja, akatema, akasema hii si bahari, hii ni ya kukaushia nyama. Ya pili imekaa vizuri. Nimetia na mchanga kidogo kutoka nyumba inayojengwa ng'ambo ya barabara. Kwa kombe la baharini nimeokota gamba la konokono bustanini, nikalisugua kwa majivu. Ukilitazama kwa mbali, na kwa haraka, ni kombe.

Shem aliniuliza kwa nini nisimwambie tu huyo msichana kwamba treni iliniacha, au mimi niliiacha, vyovyote. Nilimjibu kuwa mambo ya wanawake hayajui. Ana mke na watoto wanne, lakini hayajui.

Jikoni kuna kalenda yenye picha ya Mombasa. Ngome, minazi, na nyuma maji, maji, maji, mpaka yanapogusana na mbingu. Niliitazama mpaka uji ukaungua. Jamani, natamani kuiona! Si kwa ajili ya Macharia. Natamani kusimama tu pale ukingoni, na mtu pembeni yangu, tusiseme kitu.

Jumapili, 22 Oktoba

Saa kumi kamili. Nilivaa koti la Shem, nikasimama katikati ya bustani, uso nikaugeuza mashariki. Ahadi ni ahadi.

Nikafumba macho. Nikauona mnara, sijui kama ndivyo ulivyo. Nikamwona Lornah kando yangu na lile gauni la manjano, upepo unamsumbua, ameshika nywele kwa mkono mmoja. Nikamtamani awepo mpaka kifua kikauma, na si maneno ya vitabuni, kiliuma kweli, hapa kushoto. Nikasema kwa sauti, Lornah, laiti ungekuwa hapa.

Mbwa akaja.

Nilibaki pale mpaka jua likashuka. Sijui yeye alikuwa anafanya nini saa hiyo kule Waithaka kwa shangazi yake. Labda anafua. Labda alinifikiria kidogo akiwa anafua.

Jumatatu, 23 Oktoba

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Asubuhi nilikwenda stesheni mapema ili nitoke pamoja na abiria wa treni ya Mombasa, watu wa ofisi wakipita waone. Chupa mkononi, konokono mfukoni, nachechemea. Treni ikaingia. Nikajichanganya na watu. Mara nikasikia jina langu.

Lornah! Amesimama kwenye umati, gauni la manjano limekunjamana, macho mekundu ya usingizi. Moyo ukaruka. Amekuja kunipokea! Alfajiri yote hii, kutoka Waithaka! Nikafurahi hata sikutazama ameshika nini.

Akasema afadhali nimefika salama, alikuwa na wasiwasi sana. Akauliza, Jumapili nilikwenda mnarani?

Ningenyamaza tu! Lakini ulimi ukaondoka wenyewe. Nikamwambia ndiyo, saa kumi kamili, peke yangu kabisa, hakuna hata mtu mmoja. Bahari imetulia. Nikamwambia nilivaa lile shati langu jeupe kwa heshima yake, nikasema, Lornah, laiti ungekuwa hapa. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Akauliza taratibu, shati jeupe? Nikasema naam, lile jeupe.

Akainama, akaweka chini alichokuwa ameshika. Sanduku langu. Akalifungua. Shati jeupe lilikuwa juu kabisa.

Hapo ndipo nilipomwona shangazi yake Philister, nyuma yake, na kikapu cha maembe, na miguu yote miwili ina mchanga. Mchanga mweupe. Sikujua kuwa ni mweupe hivyo.

Shangazi ndiye aliyesema, na hakupunguza sauti. Kwamba niliposafiri Alhamisi, msichana hakulala. Ijumaa akamtoa shangazi yake nyumbani, wakapanda treni daraja la tatu, wakakaa wima mpaka Mombasa, ili Jumapili anishtukize mnarani. Walipofika, karani wa stesheni alikuwa na sanduku lisilo na mwenyewe, jina T. Were, Kangemi. Lornah akaanza kulia, akadhani nimeanguka kutoka kwenye treni. (Nilianguka. Lakini si vile.) Philister akabishana na karani yule mpaka akachoka akawapa. Wakazunguka mji mzima wakiulizia kijana mwembamba. Ngome hawakuingia. Feri waliiona kwa mbali. Na Jumapili, tangu saa tisa, Lornah alikaa kwenye ukuta pale mnarani na sanduku magotini, akimtazama usoni kila mwanamume aliyepita, mpaka wakakaribia kukosa treni ya kurudi.

Watu walikuwa wamesimama kusikiliza. Mchukuzi mmoja akaweka mzigo chini kabisa.

Nikatoa chupa. Sijui kwa nini. Philister akainyakua, akaonja, akasema hapa pamekosekana sukuma wiki tu.

Lornah hakucheka. Akasema hakwenda Mombasa kuona bahari. Bahari yenyewe hakuitazama, alikuwa anatazama njia. Kisha akaondoka na shangazi yake, nami nikabaki na sanduku.

Jumatano, 25 Oktoba

Lornah anachapa siku nzima, hageuki. Ofisi ni kubwa kweli.

Jana sikuthubutu kulifungua sanduku. Leo jioni nimelifungua. Shati jeupe limefuliwa na kupigwa pasi. Alilifua Mombasa, ili nikitokea bila sanduku langu nipate nguo safi ya kuvaa. Ndani ya mfuko wa shati kuna kombe la kweli, dogo, lina rangi ya waridi kwa ndani. Nimelala nalo kifuani na nimelia kama mtoto mdogo. Jirani amegonga ukuta akaniambia nipunguze redio.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mungu ni mwema! Saa ya kufunga ofisi nilimfuata kwenye ngazi, nikamwambia yote. Pikapu, kuruka, mbwa, vijiko vinane. Bustani ya Kileleshwa saa kumi. Nilipofika kwenye habari ya mbwa alifunika mdomo, na mabega yakatikisika.

Akasema angefurahi vilevile kukaa nami kwenye nyasi za Uhuru Park. Akasema hii ni mara ya mwisho kuningoja: Jumapili, saa kumi, nyumbani kwa shangazi Waithaka, chai. Nisilete kitu. Nisimwambie mtu kitu. Nije tu, atakuwa amekaa nje akitazama njia.

Nije tu! Hata kwa magoti. Mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, 27 Oktoba

Chai ya saa nne. Macharia anasema amesikia habari ya stesheni, na hata ile ya kwenye ngazi. Nani amemwambia? Anasema, mbele ya wote, eti kuna watu wanaokwenda Mombasa ya Kileleshwa. Watu wakacheka. Akasema Krismasi yeye anakwenda Malindi.

Nikasikia sauti ikisema kwamba mimi siwezi kungoja Krismasi, Malindi nakwenda kesho, narudi Jumatatu.

Mashine ya Lornah ikanyamaza. Nikamkonyeza ili ajue ni maneno tu ya kumziba Macharia. Sijui kama aliona. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Sasa tatizo dogo. Macharia naye anakaa Waithaka, nyumba ya tatu kutoka kwa Philister, na Jumapili hushinda mlangoni akinyoa ndevu. Akiniona huko nitachekwa mpaka nizeeke. Kwa hiyo Waithaka Jumapili haiwezekani. Lornah nitamweleza Jumatatu. Ni msichana mwelewa, ataelewa.

Shem amekubali kunificha tena, ila safari hii nitamwogesha mbwa mara mbili. Nimefunga sanduku. Kombe la Lornah nimelichukua pia, la kuigizia: nikilitazama vizuri nitajua namna ya kumpaka konokono rangi ya waridi, na safari hii hakuna atakayegundua.

Na saa kumi kamili nitasimama pale bustanini kumfikiria, kama nilivyozoea. Uso tu ndio nitaugeuza upande wa Waithaka.