Mapacha Wasiotakiwa Kujulikana Sapiwi

Jumatatu, 1 Julai

Wako wawili. Mpiga picha wa hospitali amegeuza kioo akanionyesha kichwa, kisha akasogeza kidude chake tumboni mwa Monika akanionyesha kichwa kingine. Nikamwambia arudie, huenda ni kile kile. Akanitazama kama wasomi wanavyotutazama sisi wabeba mizigo. Monika amecheka mpaka kitanda kikalia.

Nesi ameonya kwamba mimba ya namna hii si ya kuchezea. Monika asibebe maji. Asisimame sana jikoni. Kichwa kikimuuma sana au macho yakififia, aletwe mara moja. Akasema nitafute mwanamke wa kukaa naye nyumbani. Monika akasema hilo ni rahisi, atampigia mama yake kijijini Sapiwi. Nikasema asubiri kwanza.

Sababu ni Mwandu. Huyu tunabeba naye marobota ya pamba jineri, kiwandani inakochambuliwa, na mkewe alijifungua mapacha mwaka juzi. Anasema Wasukuma mapacha huwaita mabasa, na baba wa mabasa hukalishwa uani pamoja na mkewe, ukoo wa mke ukaja na ngoma, wakamtukana kwa nyimbo. Pua yake, miguu yake, kwao alikotoka, hata mambo ya chumbani. Kiongozi wa nyimbo ni mama mkwe. Yule yule ambaye mwaka mzima hakutazami usoni kwa heshima! Mwandu anasema ni baraka. Anasema yeye alitukanwa vizuri sana, na amesema hivyo kifua mbele. Watu wengine hawana aibu.

Mimi ni mtu wa Ludewa. Nimekuja huku kubeba pamba, sikuja kuimbwa.

Mpango: hakuna mapacha. Yuko mmoja, mkubwa. Wakitoka wawili tutashangaa pamoja na wenzetu, na kwa haraka ile hakuna atakayepata nafasi ya kutunga nyimbo. Monika amesema ni ujinga, ila amechoka kubishana. Nimewakusanya mabinti. Joyness, miaka tisa, ameapa hatasema. Eliza, miaka sita, ameuliza ni yupi kati ya wale wawili anayefichwa. Salu ana miaka mitatu, alikuwa anakula udongo.

Jumatano, 3 Julai

Mwanamke wa kusaidia hatukumwita, kwa hiyo mwanamke wa kusaidia ni mimi. Nateka maji kabla ya kwenda jineri. Nikirudi, mgongo ukiwa kama ubao, nasonga ugali. Mabinti wanakaa mstari mmoja kunitazama kama mahakama. Joyness amesema ugali wa mama haukai upande mmoja wa sufuria. Eliza amesema wa mama hauna mawe. Yalikuwa madonge ya unga. Mtoto wa darasa la kwanza hajui tofauti ya donge na jiwe, na serikali inasema elimu imepanda.

Nimemsuka Eliza nywele. Nilidhani kazi ya wanawake haiwezi kumshinda mtu anayefunga marobota. Amerudi shuleni amejifunika sweta kichwani, jua kali.

Jirani yetu Domitila, ambaye kazi yake hapa Somanda ni kusimama uani kwake na kutazama uani kwetu, ameliona tumbo la Monika akasema hao ni wawili. Nimemjibu ni matobolwa. Mke wangu anapenda viazi vikavu, vikikutana na maji vinaumuka. Akaniuliza kama matobolwa nayo yanapiga teke, maana ameona nguo ikiruka. Nimeingia ndani.

Ijumaa, 5 Julai

Nimewafanyisha mabinti mazoezi. Mtu akiuliza, jibu ni moja: mama ana mtoto mmoja. Wamerudia mpaka Salu naye ameshika, ingawa yeye husema mama ana mbuzi mmoja. Haidhuru.

Jioni akaja shemeji Bundala, mdogo wake Monika, dereva wa bodaboda asiyejua kuvua miwani. Kaleta kuku kutoka kwa mama yao. Kabla hajashuka kwenye pikipiki, Eliza kamkimbilia, kapiga magoti vizuri, akasema shikamoo mjomba, mama ana mtoto mmoja tu tumboni.

Bundala akasema marahaba. Kisha akamuuliza ni nani aliyekuwa anahesabu.

Joyness akajibu haraka kwamba hakuna aliyehesabu. Yuko mmoja, na wa pili hayupo.

Bundala kavua miwani. Akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akamtazama kuku. Akasema haya, akaondoka. Sina wasiwasi. Kichwa cha Bundala hakina nafasi ya mambo mawili kwa wakati mmoja, na tayari kuna pikipiki.

Jumapili, 7 Julai

Mama mkwe amefika. Amekuja nyuma ya Bundala na mzigo mkubwa kuliko pikipiki. Mzigo wa namna hiyo si wa mgeni wa kulala na kuondoka.

Amekaa kibarazani ananipa mgongo, kama heshima yao inavyotaka. Hawezi kusema nami, kwa hiyo anasema na Salu, na Salu yuko katikati yetu anatafuna muwa. Salu, mwambie baba yako mwangaluka. Salu, mwambie bibi yako mwangaluka, habari za Sapiwi. Salu, mwambie baba yako Sapiwi ni kuzima, wote salama, isipokuwa kuna nkwilima mmoja, mkwe wetu mmoja wa mbali, anayefunika mabasa kwa ungo kama vifaranga. Salu, mwambie bibi yako sijui anasema nini. Salu akasema muwa umeisha.

Amemwangalia Monika miguu. Imevimba. Mimi niliiona nikadhani ni unene wa kawaida. Mama mkwe akamwambia Salu amwambie baba yake kwamba mabasa hawafichwi, ni watoto wenye hasira, wakifichwa wanamlemea mama yao. Nilitaka kumwambia Salu amwambie bibi yake kwamba miguu huvimba kwa chumvi. Lakini Salu alikuwa ameshalala.

Ameshika jiko. Ugali umekaa katikati ya sufuria. Mabinti wamekula macho kwangu, bila huruma.

Jumanne, 9 Julai

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Mama mkwe ni Mkatoliki, hakosi jumuiya. Nikaamua katekista apige marufuku nyimbo za matusi, basi, mambo yaishe kwa amani ya kanisa.

Asubuhi Monika alilalamika kichwa. Nikamwambia alale kidogo. Nikaomba ruhusa jineri kwamba nina mgonjwa, nikaenda kwa katekista Deogratias. Ni mtu mzima, mpole. Nikamweleza kwamba kuna upagani unaandaliwa kwenye nyumba ya Wakristo. Akaniuliza upagani gani. Nikamwambia wa mabasa. Uso wake ukachanua. Kumbe naye ni baba wa mabasa! Akasema mama mkwe wake alikuwa fundi wa nyimbo hizo, marehemu, Mungu amrehemu. Akaniimbia beti tatu. Ubeti wa pili ulihusu makalio yake mwenyewe. Mkewe akaitikia kutoka jikoni.

Nimerudi nyumbani nakuta mlango wazi, mabinti wako kwa Domitila. Domitila akaniuliza nimechelewa wapi. Monika alisimama akasema haoni mlango. Mama yake akapiga kelele, Bundala akaja kutoka kijiwe cha bodaboda, wakamweka katikati yao kwenye pikipiki, wakaenda.

Nimekimbia. Kutoka kwetu hadi hospitali si mbali, lakini leo ilikuwa imehamishwa.

Presha imepanda sana. Nesi aliuliza tangu lini anavimba, na kwa nini hakukuwa na mtu wa kumtazama tangu mwanzo wa wiki iliyopita walipoagiza.  Mama mkwe alikuwa kwenye benchi. Akainua kichwa akanitazama usoni. Miaka kumi ya ukwe, ndiyo mara ya kwanza. Ana macho ya Monika. Hapakuwa na Salu wa kutumwa.

Wamesema watampasua asubuhi.

Alhamisi, 11 Julai

Wamezaliwa jana. Wasichana. Wote wawili. Sasa ninao watano, wanatosha kuanzisha timu ya mpira wa kikapu na mimi mwenyewe niwe wa akiba.

Ni wadogo kama sungura, lakini wanalia vizuri. Monika alizinduka akauliza Salu amekula. Halafu akauliza mimi nilikuwa wapi juzi. Nikasema kwa katekista. Akadhani nilikwenda kumwombea, akanishika mkono. Nimeuacha ushikwe. Kuna wakati ukweli ni ukatili.

Daktari amesema wangechelewa kidogo tu ningewapoteza wote watatu. Jambo hili nimelifikiria sana. Tatizo ni Bundala kuendesha polepole.

Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Sikuulizwa. Hapa mapacha wanakuja na majina yao.

Jumamosi, 27 Julai

Leo ndipo wameimba. Monika ametoka hospitali, kidonda kinapona, na Sapiwi yote imehamia Somanda. Ngoma mbili. Shangazi wa Monika ambao sijawahi kuwaona walinitazama kama watu wanaopima ng'ombe.

Nilikuwa nimejiandaa. Mtu anayefanya kazi jineri hakosi pamba. Niliziba masikio yote mawili, nikavuta kofia, nikakaa kwenye mkeka pembeni ya Monika, mtulivu kama padri. Wanaimba, midomo inakwenda, mimi niko Ludewa natazama ziwa. Wakacheka, nikacheka. Wakaturushia maji ya dawa, nikajifuta. Nikaona utamaduni si mgumu kama watu wanavyosema.

Kumbe pale mwisho baba wa mabasa anatakiwa ajibu. Asipojibu, maana yake matusi hayajamwingia, na wanaanza upya. Walianza upya. Nikatabasamu. Wakaanza tena, kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu Monika alichomoa pamba ya sikio la kushoto mbele ya watu wote, akainyanyua juu.

Sijawahi kuona wazee wakicheka hivyo. Mmoja alilala chini. Mwandu alikuwepo, nani kamwalika sijui, akasema mtu huyu hata pamba ya tajiri anatembea nayo masikioni. Basi nikasikia yote kwa sikio la kushoto. Pua yangu ni mpini wa jembe. Miguu yangu ni fito za banda la kuku. Kwetu ni mbali kiasi kwamba jua linafika limechoka. Kuhusu chumbani siandiki, watoto wanajifunza kusoma.

Mama mkwe akamalizia peke yake, bila ngoma. Alinigeukia uso kwa uso. Akaimba kwamba nkwilima wake ni mjinga aliyefunika mabasa kwa ungo, mjinga asiyejua kusonga ugali, mjinga aliyekwenda kutafuta dini mkewe akipofuka.  Kisha akaimba kwamba fito zake hizo zilifika hospitali zikiwa hazina viatu.

Ni kweli, sikuwa na viatu. Sikujua kama kuna mtu aliyeona.

Wakangoja nijibu. Nikasema asante. Wakasema hilo si tusi. Nikamwambia mama mkwe kwamba mzigo wake ni mkubwa kuliko pikipiki. Wakapiga vigelegele. Tusi dhaifu, hata Eliza angetunga zuri zaidi, lakini lilikubaliwa. Monika alicheka akishikilia kidonda.

Jumatatu, 29 Julai

Mambo yametulia. Kulwa na Doto wananyonya. Kuna jambo dogo tu.

Nilimpigia simu baba yangu kule Ludewa kumpa habari. Kila nikizaa yeye huguna tu, maana kaka yangu ana watoto wa kiume wanne na huwataja kila mahali, hadi msibani. Akaniuliza hawa mapacha ni wa aina gani. Nikaona mzee ana umri, yuko mbali, kuna faida gani kumsononesha. Nikasema ni wa kiume. Wote wawili.

Hakuguna. Kwa mara ya kwanza amelia kwenye simu. Nilijisikia vizuri sana.

Leo amepiga yeye. Amekata tiketi ya basi, atafika Ijumaa, na mama mdogo anakuja naye kuwaona wajukuu.

Monika sijamwambia, anahitaji kupumzika. Mama mkwe naye hana haja ya kujua, maana yeye na baba ni watu wa heshima, hawatatazamana. Nimekaa nimepiga hesabu. Kulwa na Doto ni majina ya yeyote, wa kike na wa kiume. Watoto wachanga hufungwa nguo muda wote. Zilizobaki ni nywele, na wembe ninao.