Askari, Watoto na Kuku wa Kabatini

Jamani, leo nimeadhirika! Tena mbele za watu na suti zao.

Mnajua miezi saba sasa nalinda maegesho ya magari, jua la Doha linanikausha kama dagaa. Leo supavaiza wetu, Mkenya anaitwa Wafula, kaniita: "Leo utasimama ndani, ukumbini. Ukifanya poa, unabaki huko." Kiyoyozi! Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Ukumbini walikuwa wanaonyesha filamu ya Kifaransa ya zamani, hata rangi haina. Nikajua nitasinzia. Wapi! Watoto wawili, vita vimepamba moto nje, wao wanamficha kuku wao kabatini askari wasimle. Wanambembeleza asilie! Machozi yakanilenga (mlinzi mzima!).

Pembeni yangu alikuwa Bi Mwanaidi wa usafi, mama wa Tanga. Maandishi ya Kiingereza pale chini hayamwingii. "Mwanangu, wasemaje hao?"

Basi kaniwasha. Mimi si nilikuwa DJ wa kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video, kule Tandale? Nikakunja mikono, redio yangu ya ulinzi nikaibana kwapani, nikaanza kunong'ona, chumvi nikiongeza mwenyewe:

"Askari kaingia! Ana bunduki! Watoto wako kabatini wanatetemeka! Anasema leo lazima achinje!"

"Yarabi, masikini!" Bi Mwanaidi kashika mdomo. Nami ndiyo nikazidi kunogewa.

Mara milango, puu! Wafula mbele, walinzi sita nyuma, mmoja kabeba mtungi wa kuzimia moto (wa nini, sijui). Taa zikawashwa. Wageni wote wakageuka.

"Yuko wapi huyo mwenye bunduki?" Wafula anahema.

Nikatazama kwapani. Kitufe cha redio kimebanwa muda wote. Kumbe nimewatafsiria walinzi wa jengo zima!

Nikanyoosha kidole kwenye skrini. Na kuku naye, kama katumwa, akalia kokoko! Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Rudi parking," Wafula akasema. "Saa hii!"

Nikatoka bila kuuona mwisho. Nimesimama juani nusu saa, redio ikaita. Wafula tena, kwa sauti ya chini:

"Sikiza wewe. Huyo kuku alichinjwa ama hakuchinjwa?"

Msinicheke, ndugu zangu. Anayeujua mwisho aniambie upesi, huenda huyo kuku akanirudisha kwenye kiyoyozi.