Asilimia Kumi ya Gatjang

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Joto. Somo la umeme limeahirishwa kwa sababu umeme umepotea. Nimejilaza hosteli nikatazama simu. Huko Amerika kuna kijana wa chuo anayecheza ule mpira wao wa kushikwa mikononi, wenye umbo la yai, kama tunda la mkoma. Yeye ndiye anayeurusha, na timu yote inamtegemea. Alitaka aongezwe malipo, wakavutana, akaondoka. Mwanafunzi kama sisi. Niliirudia habari hiyo mpaka chaji ikaisha.

Ndipo nikamtazama Gatjang.

Huyu ni mwenzangu wa chumba na namba kumi wa timu ya chuo chetu hapa Lodwar. Wazazi wake ni watu wa Sudan Kusini, yeye amekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Anasomea uashi. Jumamosi aliwafunga watu wa Lokichar mabao mawili peke yake, na chuo kikamshukuru kwa soda moja na mandazi. Alikuwa mlangoni akifua soksi. Nikamwambia anadhulumiwa. Akauliza na nani. Nikamweleza habari ya Amerika, na kwamba kuanzia leo mimi ni wakala wake, kwa asilimia kumi. Akauliza asilimia kumi ya nini.

Swali la mtu ambaye hajazoea biashara. Nimelisamehe.

Alisema hana shida na malipo, ila njumu zake zimeachia soli, amezifunga kwa waya. Nikamwambia hapo ndipo tunapoanzia.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekutana na Mwalimu Ekal. Ndiye kocha, na ndiye anayefundisha uashi. Nilimkuta nyuma ya karakana akipima ukuta wa wanafunzi kwa timazi. Nikamsalimu kwa Kiturkana, ejok, akajibu bila kugeuka. Nikataja madai yetu: marupurupu ya kila mechi, njumu mpya, nyama siku mbili kabla ya mchezo, godoro la inchi sita.

Aliuliza kama Gatjang anajua habari ya godoro. Nikasema mambo madogo tunayamaliza baadaye. Akanieleza kwa upole kwamba fungu la michezo linatosha mafuta ya lori tu, na chokaa ya kuchora uwanja anainunua mwenyewe. Nilimsikitikia, lakini kazi ni kazi. Nikasema basi mchezaji wangu anaondoka. Nilitarajia ashtuke. Akaendelea kupima ukuta. Mwisho akasema, "Longor, mimi nilimtafuta yule kijana mwaka mzima. Wewe unamwachilia kwa dakika tano."

Sikuielewa. Nikadhani ni mbinu.

Jioni nikaandika kwenye kundi la wanafunzi kwamba Gatjang ameihama timu kwa sababu ya malipo. Nilikusudia kumwambia mwenyewe wakati wa chakula. Mpishi wa kantini akaniwahi.

Alhamisi, 11 Septemba

Gatjang hapigi kelele akikasirika. Ananyamaza, anatandika kitanda, anakitandika tena. Nilimweleza kwamba hii inaitwa kuvutana kamba, kwamba kesho kutwa watakuja kutupigia magoti. Akakitandika mara ya tatu.

Hakwenda mazoezini. Nilifurahi, nikafikiri amekubali mpango. Baadaye nikajua aliona aibu. Alikuwa amepita karibu na uwanja, na mlinda mlango akamwuliza kama siku hizi anasalimiwa kwa pesa. Wakacheka wote. Watu aliokula nao sahani moja tangu mwaka jana.

Jezi ya namba kumi amepewa Adome. Adome tuko naye darasa moja. Hawezi kuunganisha swichi mbili bila kukata waya wa tatu, na sasa anatembea kantini na jezi ile, inamfika magotini. Aliniuliza kama wakala anakunywa chai ya kawaida. Nimeinywa nje.

Jumamosi, 13 Septemba

Kakuma. Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza.

Kuna mfanyabiashara kambini anaitwa Dhieu. Anauza unga, sukari na mafuta, anachaji simu za watu, na ana timu yake ya mpira. Nilimpigia jana, akasema mlete. Gatjang alikubali kuja, ila alisema anakuja kumwona mama yake, siyo Dhieu. Nikamwambia njia ni moja.

Mimi ni Mturkana, nimezaliwa saa mbili tu kutoka hapa, na sikuwahi kuingia kambini. Nilidhani nitaona mahema. Nimeona mitaa, makanisa, vinyozi, muuza chapati anayeongea Kiswahili cha Kongo, wasichana wakitaniana kwa Sheng kunishinda. Gatjang alikuwa akisalimiwa kila hatua. Kizee mmoja alimshika kichwa kwa mikono miwili akakitikisa. Huko chuoni hakuna anayemgusa hivyo. Hilo liliniingia kidogo, nikalitoa, maana nilikuwa nikipanga bei.

Tulianzia kwa mama yake. Mama Gatjang ni mrefu, anainama hata mlangoni kwake mwenyewe. Alifurahi, kisha akakumbuka kuwa ni katikati ya muhula, akaacha kufurahi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni wakala wa mwanawe. Gatjang alilitafsiri neno hilo kwa Kinuer. Lilichukua muda mrefu, na lilipofika mama alinitazama kama ninauza dawa ya panya.

Akatuletea asida, ugali wao laini, na mchuzi wa bamia. Tulipokwisha kula, akaniambia kwa Kiswahili chake, polepole:

"Mwalimu alikuja hapa. Alikaa hapo wewe umekaa. Alisema, mama, hii mpira ni ya kufungua mlango tu. Chuo itapunguza ada, itapatia yeye kitanda, halafu yeye atajua kujenga nyumba ya watu. Mimi nikakubali. Sasa wewe unaambia yeye atoke kwa mlango?"

Nilimtazama Gatjang. Alikuwa akitazama sahani. Mwaka mzima tumelala chumba kimoja, najua anavyokoroma, najua hapendi kitunguu, na sikuwahi kumwuliza nani anakilipia kitanda chake.

Nilisema asida ni tamu. Ndilo nililoweza.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya kanisa, mechi ya majaribio. Uwanja hauna nyasi hata moja, na kila mpira ukigusa chini vumbi linainuka mpaka kifuani. Watu walijaa. Mara tu Gatjang alipogusa mpira walianza kuimba jina lake la utotoni, ambalo mimi sikulijua. Soli ya kulia ikang'oka kabla ya mapumziko. Alivua njumu zote mbili akacheza miguu mitupu, na akafunga. Nilijikuta nimekumbatiana na mtu nisiyemjua.

Hapo nilipaswa kunyamaza. Naandika hivyo sasa, saa hizi nimeketi peke yangu. Wakati ule sikunyamaza.

Dhieu alitukaribisha dukani kwake. Mnene, sauti ndogo, anafikiri kabla ya kila neno. Alisema anamjua Gatjang tangu hajaota meno ya pili. Pesa za kila mwezi hawezi kuahidi, lakini atampa unga, sukari na mafuta ya kumtosha yeye na mama, kazi ya kusaidia dukani, na njumu. Gatjang alianza kushukuru. Nikamgusa goti, nikauliza asilimia kumi yangu itapimwaje, kwa kilo au kwa kikombe.

Dhieu alicheka. Kisha akaacha. Kisha akafikiri, na nikaona kwa macho yangu mwenyewe mtu mzuri akibadili nia. Aliuliza kama mimi nitakuja kuchukua unga huo kila mwezi. Nikasema ndiyo, au nitamtuma mtu. Akauliza huyo mtu naye atachukua kiasi gani.

Alisema aliita mchezaji mmoja, sasa anaona foleni. Akamshika Gatjang mkono, akamwambia arudi shule, akamsalimie mama. Mimi aliniuzia chumvi, kwa bei ya kawaida.

Nje nilianza kueleza kwamba Dhieu anajifanya, kwamba kesho atapiga simu. Gatjang alisimama. "Longor," alisema, "ulimwomba unga wa mama yangu."

Sikuwa nimelifikiria kwa namna hiyo. Nililiona kama kanuni.

Jumanne, 16 Septemba

Nimerudi Lodwar peke yangu. Gatjang amebaki. Hakusema hatarudi. Alisema tu nitangulie, akiwa ametazama upande mwingine.

Kitanda chake kina godoro la Adome. Msimamizi wa hosteli anasema kile ni kitanda cha mchezaji, na mchezaji ameondoka, hilo liliandikwa na mimi mwenyewe kwenye kundi. Adome anakula mahindi ya kuchemsha akiwa amelala. Punje zinadondoka, siafu wanakuja, siafu hawajui mpaka kati ya kitanda chake na changu.

Amening'iniza jezi dirishani. Nimeigeuza namba ielekee nje.

Alhamisi, 18 Septemba

Mpango wa tatu, wa kurekebisha. Nilikwenda kwa Mwalimu Ekal nikamwambia Gatjang alishikwa na malaria huko Kakuma, na homa ndiyo iliyomfanya aongee mambo ya kuihama timu. Nilieleza vizuri, hata mtetemeko niliuonyesha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema aliongea na Mama Gatjang Jumapili kwa simu.

Niliacha kutetemeka. Wanafunzi walikuwa wakichanganya chokaa na saruji. Nikamwuliza sasa itakuwaje. Akasema ameshakwenda kwa mkuu wa chuo, na imekuwa vigumu. Mkuu alitaka nafasi apewe mwingine. Mwalimu akamwambia kama nafasi inatoka, basi na timu atafute wa kuifundisha. Alinisimulia hayo kama mtu anayesimulia bei ya mchanga. Kesho anaazima pikipiki, anakwenda kumchukua.

Nikamwomba niende naye. "Pikipiki inabeba wawili," alisema. "Kwenda niko peke yangu. Kurudi nitakuwa naye."

Nikasema naweza kwenda na kushuka hukohuko. Akanitazama mara ya kwanza tangu nimfahamu, kwa muda mrefu, wala si kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jumamosi, 20 Septemba

Mechi na wageni kutoka Kalokol. Gatjang amerudi. Amevaa njumu za zamani za Mwalimu, kubwa, ameziba nafasi ya vidole kwa kitambaa. Mwalimu hakumrudishia namba kumi. Alimpa jezi ya akiba, akamwambia kwanza aseme na wenzake.

Nilikuwa nyuma ya goli, karibu vya kutosha. Gatjang alisimama mbele yao. Alisema aliwaacha bila kuaga, na anaomba msamaha. Mlinda mlango aliuliza kama ni kweli alidai pesa. Nilishika wavu. Angeweza kunyoosha kidole tu, nilikuwa pale pale.

Alisema, "Jina lililotajwa ni langu. Nisameheni."

Basi. Mlinda mlango akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Aliingia kipindi cha pili tukiwa nyuma kwa bao moja. Akawapita wawili, goli likiwa wazi mbele yake, akampa Adome. Adome alishangaa kuliko kipa. Akafunga kwa goti. Sare. Walimbeba Adome, naye Gatjang akawa chini akisaidia kushika miguu.

Usiku huu anahamia chumba alichotoka Adome. Alikuja kuchukua ndoo yake. Nilitaka kusema jambo, nilikuwa nimelipanga tangu jioni. Nikasema, ndoo ina ufa. Akasema anajua.

Akafika mlangoni, akageuka. Aliniomba kitu kimoja, nisimtafutie tena kazi. Nikaahidi. Akasema, "Basi lala salama, ndugu yangu." Sijui kwa nini neno hilo la mwisho ninalirudiarudia hivi.

Jumapili, 21 Septemba

Nimetafakari siku nzima. Nimetambua makosa yangu na nimeyakubali. Sikupaswa kuingia kwenye mpira. Mpira una watu wengi: kumi na mmoja, kocha, mama, muuza unga. Kila ukigusa mmoja, wengine wanaumia. Nimejifunza.

Jioni nilikwenda ukumbi wa Nawoitorong, ambako kwaya za chuo na za mjini zilikuwa zikiimba. Kwaya yetu ina msichana anaitwa Awoi, anasomea ushonaji. Alipoanza ubeti wa pili, wamama walioketi mbele yangu waliacha kupepea. Nami pia nilisahau joto. Baada ya hapo mwalimu wa kwaya akapigiwa makofi, akashikwa mikono na wageni wote, na Awoi akapewa chai.

Chai, na mkate bila siagi.

Nilimsubiri nje ya geti. Nikamweleza kwamba sauti ni ya mtu mmoja. Haina kocha, haina foleni. Akauliza mimi ni nani na kama nimewahi kufanya kazi hiyo. Nikasema nimetoka kumaliza shughuli ya mchezaji mmoja mkubwa, Lodwar na Kakuma, na kwamba sasa hivi yuko uwanjani, ana njumu, ana kitanda, na timu yake inampenda.

Akauliza huyo mchezaji anasemaje juu yangu.

Nikamwambia ukweli: aliulizwa mbele ya watu wote, na hakunitaja kwa ubaya hata kidogo.

Amesema atafikiria. Kesho nazungumza na mwalimu wa kwaya.